Ritifaa

Kitangari, kipindi cha pili, darasa la sita B.
Ukungu haujaondoka dirishani,
chaki imeloa, inakwaruza ubao na kuacha nusu ya neno.
Naandika: shamba la Somoe.
Kisha naligeuza, kama mtu anavyogeuza kanga
kutafuta upande usiopauka:
Somoe mbele, shamba nyuma,
katikati alama kama punje ya mtama iliyorukia juu,
na esi moja inayoburuta mkia.

"Mnaijua," nawaambia. "Ni ileile ya ng'ombe,
ya ng'ambo, ya kung'oa jino.
Kwetu inakaa puani. Kwao inashika mali."

Sisi kitu hutangulia, mwenyewe hufuata,
na kale ka-a kadogo kanabadili nguo kwa heshima ya kitu:
kisu cha, jembe la, mikorosho ya, uzi wa.
Hata diwani anasubiri nyuma ya jembe lake.
Kiingereza humsimamisha mtu mlangoni.
Esi ni hiyohiyo kwa mbuzi, kwa kisu, kwa mkwe,
na kitu kinaingia baadaye, kimeinamisha kichwa.

Chande Mnali, anayelelewa na bibi yake Mnyambe,
ananyoosha kidole:
"Mwalimu, mwenye mali akifa, ritifaa inabaki?"

Darasa linacheka.
Namjibu: inabaki. Sarufi haigawi mirathi.

Jina lile ubaoni sikulichagua. Mkono ulilichagua.
Somoe ni dada yangu mkubwa.
Mama alituachia mikorosho arobaini na minane,
sisi watatu, Somoe, mimi na Fatu,
alihesabu kwa mafundo ya kamba, kamba bado ninayo.
Msimu uliopita nilifika ghalani
nikakuta magunia yameandikwa kwa makapeni, herufi kubwa,
SOMOE, SOMOE, SOMOE,
stakabadhi moja, akaunti moja.
"Nimerahisisha tu," alisema. "Karani ana nafasi ya majina matatu?"
Akanipa elfu themanini na kilo mbili zilizobanguliwa.
Nikasema asante.
Hiyo asante bado imenikaa kooni kama ganda.

Alhamisi tukaingia kwenye wingi.
Dada mmoja: ritifaa kwanza, esi baadaye.
Dada wengi: esi imeshawaleta wote,
ritifaa inakuja mwisho, kama anayefunga mlango
baada ya kuhakikisha hakuna aliyebaki nje.
Imesogea hatua moja, upana wa punje,
na shamba lilelile limepata wenyewe wengine wawili.
(Watoto ni kichwa ngumu: wao ni wengi bila esi,
kwa hiyo huirudisha kanuni ilikotoka.
Hilo nalo wakalicheka.)

"Tamkeni," nikasema.
Wakatamka. La mmoja, la wengi, sauti moja.
Sikio haliwezi kujua dada ni wangapi.
"Ndiyo maana," nikaanza,
"ndiyo maana watu huandika,"
na chaki ikanikatikia mkononi.

Usiku nasahihisha kwa taa ya sola inayofifia.
Daftari thelathini na tisa.
Wengi wamepata. Wengine wamemwaga ritifaa kila penye esi,
kama anayetia chumvi gizani.
La Chande nimelirudia mara tatu:
ameweka moja kabla ya esi na nyingine baada,
dada mmoja, dada wengi, shamba moja,
na pembeni, kwa penseli: Mwalimu sijui wako wangapi.

Kalamu nyekundu ikasimama.
Sikuweka vema, sikuweka mkasi.
Nikachukua simu. Iliita, ikaita,
ikapokelewa, na nyuma ya sauti yake nikasikia
watoto wake wakigombea kijiko.

"Haya, niambie," akasema Somoe.

Nikamuuliza habari za mvua.